Udhamini wa Tangi Lisilo na Paa

Silvesta Mchopa alikuwa fundi mwashi, na kwa sababu hiyo aliamini kwamba kitu kilichojengwa kwa vipimo sahihi hakihitaji mlinzi. Imani hiyo ilimfaa maisha yake yote katika mawe na saruji. Alipoihamishia katika sheria, alijikuta na hati nzuri yenye muhuri mwekundu, pamoja na shimo kavu.

Alizaliwa upande wa Masasi, karibu na Chidya, akajifunza uashi kwa kuwachanganyia udongo mafundi waliokuwa wakikarabati majengo ya shule. Yeye mwenyewe hakusoma pale. Alipiga lipu kuta zake tu, na hilo lilimpa, kwa maoni yake, haki ya kuwakemea waliosoma kila alipowaona wakiegemea ukuta kwa viatu. Baadaye akaoa Newala, na kwa desturi ya watu wa uwanda huu, kuoa ni kuhama. Mwanamume huhamia kwao mke, hupewa mahali pa kujenga, huitwa mkwe, na hubaki mkwe hata akipata mvi. Mali yake mwenyewe, akifa, huendea watoto wa dada zake huko alikotoka. Mali ya mkewe huendea ukoo wa mama yake mke. Utaratibu huu ni wa zamani na ni wazi, wala haujawahi kumchanganya mtu yeyote isipokuwa wasomi.

Mkewe aliitwa Severina. Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa na mikorosho aliyoachiwa na mama yake, na katika msimu mmoja mzuri aliezeka nyumba yao kwa mabati, la kwanza hadi la mwisho, bila kumwomba mume hata msumari. Silvesta, ambaye hakutaka kulala chini ya fadhila bila kujibu, alichimba tangi chini ya ukingo wa paa lile. Alilichimba kwa sururu na chepe, akalijengea kwa mawe, akalipiga niru, ile saruji laini ya kuzuia maji, ndani mara mbili, kisha akalipiga tena kwa sababu mara ya pili haikumridhisha. Akafunga mfereji wa bati kuzunguka paa, akauelekeza tangini. Mvua za kwanza zilipoisha, lilikuwa limejaa hadi shingoni.

Mgeni anayefika Newala hupelekwa ukingoni aone bonde la Ruvuma, naye husifu mandhari. Mwenyeji haoni mandhari. Anaona maji yaliyo chini kule, na njia ya kurudi nayo kichwani. Bomba la mtaa lilikuwapo, na lilikuwa na kipaji cha kupiga mluzi alfajiri, likiwaita wanawake waje wasikilize hewa. Kwa hiyo tangi la Silvesta halikukaa siku nyingi kabla ya kuwa tangi la majirani. Severina alishika ufunguo. Wakati wa kiangazi kila nyumba ilipata debe lake, na aliyekuwa na mgonjwa au mzazi aliongezwa. Hakuna aliyelipa. Mtu alileta mihogo kama alikuwa nayo, na kama hakuwa nayo alileta habari za watu, ambazo Severina alizipenda zaidi.

Katika kiwanja kile kimoja, basi, palikuwa na wenyewe watatu. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa Severina. Mabati yalikuwa ya Severina. Tangi lilikuwa la Silvesta. Mvua haikuwa ya mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tuliambiwa kwamba uchumi umefunguliwa. Hatukuwa na habari kwamba ulikuwa umefungwa, maana ufunguo wake haukuwahi kuletwa Newala, lakini tulifurahi pamoja na wenzetu. Walikuja wanunuzi binafsi wa korosho, na pamoja nao mawakala, na miongoni mwa mawakala alikuwamo Ladislaus, mtoto wa Veridiana, dada mkubwa wa Severina anayeishi Tandahimba. Ladislaus aliingia katika soko huria akiwa na viatu vya ngozi na mizani yenye huruma, ingawa huruma yenyewe ilimwelemea mnunuzi. Alijiita mwekezaji. Alichowekeza hakikupata kuonekana, lakini uwekezaji ni jambo la imani.

Severina alipougua, Ladislaus alikuja kumtazama, na pakiti ya biskuti mkononi. Baada ya kumtazama mgonjwa kwa muda uliotosha kufungua biskuti, alitoka akalizunguka tangi. Aliligonga kwa kidole, huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Baba mdogo," alimwambia Silvesta, "unajua hapa una mtaji?"

"Nina tangi."

"Mtaji uliolala, baba."

"Maji ya tangi hulala. Yakiamka, ujue yamemwagika."

Ladislaus alicheka kwa adabu, kama wanavyocheka vijana wenye mipango. Alipoondoka, Severina alimwita mumewe ndani.

"Mtoto yule anapima."

"Anapima tangi. Mwache apime, limenyooka."

"Anatupima sisi, mzee. Mimi nikiondoka, wewe hapa ni mkwe usiye na mke. Watakuambia kwa upole urudi Masasi ukapumzike. Nawe ukifa, wapwa zako watamuuzia tangi kabla hawajakunja mkeka wa msiba. Halafu Bimdogo atashuka bondeni na magoti yale."

Bimdogo alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mjane, na magoti yake yalijulikana mtaa mzima kwa sababu aliyasimulia.

"Nikuahidi nini?" aliuliza Silvesta.

"Usiniahidi. Wewe ukiahidi, unasahau ulipoweka. Nenda kwa watu wa sheria. Tangi lisifungwe, wala maji yasiuzwe."

Hilo ndilo lililomtoa Silvesta uwandani, likamshusha hadi Masasi, kwa wakili aliyeitwa Basil, aliyekuja kutoka Mtwara kila mwezi na kufanyia kazi katika chumba cha nyuma cha duka la mitumba. Mteja alipita kwanza katikati ya makoti ya baridi yaliyovuliwa na watu wa nchi za barafu, akafika mbele ya sheria akiwa ameanza kutoka jasho, jambo lililomsaidia wakili kumwona mnyenyekevu. Tuseme ukweli hata hivyo: Wakili Basil aliijua kazi yake, na alimweleza Silvesta mambo kwa lugha ambayo hata mimi, niliposimuliwa, niliielewa bila kamusi.

"Ukitaka kumpa jirani, jirani hufa, huhama, hugombana," alisema. "Unachotaka wewe kinaitwa udhamini. Unatoa kitu mikononi mwako, unakikabidhi kwa wadhamini, nao wanakishika si kwa faida yao bali kwa faida ya wale utakaowataja. Hao ndio wanufaika. Kwa hiyo nitajie: kitu gani, nani washike, nani wanufaike. Na useme wazi kwamba unatoa. Kimoja kikikosekana, utakuwa umetoa hotuba tu."

"Kitu ni tangi. Na njia ya kufikia tangi. Na kamba, na ndoo ya kuchotea."

"Ardhi lilipo tangi?"

"Ya ukoo wa mke wangu. Dada yake Veridiana ametia dole gumba kwamba mahali pale wanapaachia tangi. Hii hapa karatasi."

Wakili alishangaa, kwa kuwa hakuzoea kuletewa kitu kabla hajakiomba. "Vizuri sana. Na paa linalokusanya maji?"

Hapo Silvesta aliinuka nusu kwenye kiti.

"Paa lina mwenyewe, bwana wakili, na mwenyewe bado anapumua."

Msomaji wa mbali atashangaa. Kwetu, mali ya mke haitajwi na mume miongoni mwa vitu vya kugawa, hata mke awe mzima na anacheka. Akiwa mgonjwa, kulitaja bati lake ni kumpimia sanda. Mume anayefanya hivyo huulizwa na wakwe, mbele ya watu, ana haraka ya nini. Silvesta alikuwa amekaa kwa wakwe zake maisha yote bila kuulizwa swali hilo, naye hakukusudia kuanza uzeeni. Kwa hiyo, kwa ajili ya adabu, tukapata udhamini wa maji ya mvua ambao ulimiliki kila kitu isipokuwa mahali mvua inapoangukia. Sidhani kama kuna mahali pengine duniani watu wenye akili timamu wangeweza kufanya hivyo, na wote tuliona amefanya vyema.

"Wanufaika?"

"Nyumba zinazochota sasa. Majina haya hapa. Mke wangu anasema waandikwe na watoto wao watakaozaliwa, na wa hao pia. Yeye hakupata wake, kwa hiyo anataka wa wenzake wote."

Wakili aliandika. "Mwisho. Unajibakizia uwezo wa kubadili hati hii, au kuivunja? Ukitaka, tuandike sasa. Usipoandika, hutakuwa nao. Tangi litakuwa limekutoka, nawe utabaki mtu anayelipita njiani."

"Sitaki."

"Nakushauri ubakize, mzee. Mambo hubadilika."

"Nikiwa na uwezo wa kubadili hati, wakwe zangu watakuja kunibadili mimi. Funga hapo."

Ikafungwa hapo. Hati ilipelekwa Dar es Salaam kwa Kabidhi Wasii Mkuu ili wadhamini waandikishwe, na ikarudi baada ya muda ambao serikali huuona mfupi. Mwenyekiti wa wadhamini alikuwa Optatus, aliyekuwa karani wa ghala la ushirika, na ambaye tangu ghala lifungwe alikuwa akitafuta kitu kingine cha kukifungia. Chini ya uongozi wake udhamini ulipata muhuri kabla ya kupata kamba mpya. Ulipata pia karatasi zenye jina lake juu, na Optatus alihudhuria semina ya maji Mtwara, ambako walikunywa maji ya chupa. Aliporudi, alianza kumwita Silvesta "mwanzilishi", kwa sauti ambayo watu huitumia kwa marehemu.

Severina alifariki kabla ya mvua za Desemba. Alizikwa vizuri. Bimdogo, ambaye alikuwa mtani wake, hakutania siku ile wala siku iliyofuata, na hapo ndipo tulipojua uzito wa msiba.

Matanga yalipovunjwa, Ladislaus alifika asubuhi na vijana wa kazi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimestarehe. Nimekuja kuchukua alichoacha mama mdogo."

"Chukua. Vyungu viko ndani, na kanga zake nimezikunja."

"Na mabati."

"Mabati yako juu ya nyumba ninayolala."

"Ndiyo maana nimekuja na ngazi."

Silvesta alitazama ngazi, akatazama tangi. "Na hili?"

"Hilo ni la udhamini, baba mdogo. Mimi ni mtu wa sheria. Sitagusa hata jiwe lake."

Wala hakuligusa. Alisimamia vijana wake kwa uangalifu wa hali ya juu ili bati lisidondoke likakwaruza mali ya udhamini. Wazee wa mtaa waliitwa, wakaja, wakasema kwamba kwa desturi mabati ni ya ukoo wa mama yake marehemu, na Ladislaus ametumwa na ukoo. Walisema hivyo huku wakitazama chini, na ilikuwa kweli. Bimdogo alisimama ukutani kwake.

"Ladislaus," aliita, "umesahau moshi. Ulikuwa wa mama yako mdogo pia, ukaukunje."

"Bibi, usitukane msiba."

"Msiba wenyewe unaubeba begani, mwanangu. Angalia usikuchane."

Jioni ile tangi lilikuwa limetimiza masharti yote ya kisheria. Lilikuwa na mwanzilishi aliyetoa kwa hiari, wadhamini walioandikishwa, wanufaika waliotajwa, muhuri, na mbingu.

Silvesta aliezeka chumba kimoja kwa nyasi akakaa humo. Nyasi humkinga mtu, lakini maji yake hushuka rangi ya chai, na hayafai tangini. Mvua zikaja, kubwa kuliko za miaka mingi, kama mgeni anayefika ukiwa huna unga. Kuta za vyumba vilivyobaki zikayeyuka taratibu. Silvesta alikaa mlangoni akizitazama zikiteremka kando ya tangi lake, zikielekea bondeni kwa njia zilezile walizozitumia wanawake.

Kiangazi kilipokaribia, Ladislaus alikuja na pendekezo, na Optatus akaitisha mkutano barazani kwake. Wanufaika wote walialikwa. Wakili Basil naye aliletwa kutoka Masasi kwa pikipiki, ili tujue tunavunja nini. Pendekezo lilikuwa hili: Ladislaus atajenga paa jipya la bati, kubwa kuliko la zamani, udhamini utavunjwa, tangi litakuwa lake, maji yatauzwa kwa ndoo. Majirani, kwa kutambua historia, watapewa heshima ya kusimama mbele katika foleni.

Niseme bila kuficha kwamba wengi walikuwa tayari. Kiu haisomi hati. Silvesta alikaa pembeni, mgongo wima ukutani, na ilionekana wazi kwamba alikuwa akisikiliza ahadi yake kwa mkewe ikipigwa bei.

Aliomba kusema. "Bwana wakili, siwezi kulirudisha mikononi mwangu, niwape hawa upya, niandike vizuri?"

"Huwezi, mzee. Ulitoa. Nilikuuliza, ukasema funga."

"Wadhamini je?" aliuliza Optatus, akikohoa kikohozi cha uenyekiti. "Sisi tunaweza kubadili?"

"Mnaweza kubadili ratiba ya kuchota, kamba, ndoo, na mshika ufunguo. Mmoja wenu akifa au akichoka mnaweza kuweka mwingine. Hamwezi kubadili madhumuni. Siku mtakapouza maji haya, mtakuwa mmekula kitu ambacho si chenu, na kila mwenye debe hapa ana haki ya kuwapeleka mahakamani."

Optatus aliandika neno hilo, akalipigia mstari, akaonekana kupoteza hamu ya uenyekiti kwa kiasi fulani.

"Lakini udhamini huisha," alisema Ladislaus kwa upole. "Tuambie unavyoisha, bwana wakili. Watu wanataka maji."

"Huisha muda wake ukifika, kama uliwekewa muda. Huu haukuwekewa. Huisha madhumuni yakitimia, au yakishindikana kabisa. Hapo mahakama huombwa, na ikiona inafaa huipeleka mali katika jambo lililo karibu na lile la kwanza. Na kwa hati ya namna hii, iliyowataja wanufaika wake kwa nyumba, huweza kuisha wote wakikubali kwa pamoja. Wote, bila kukosa."

"Wote wapo hapa," alisema Ladislaus. Alikuwa amekuja na kidau cha wino. "Tutie dole tumalize, watu wana mashamba."

Kidau kikaanza kuzunguka. Mkono wa kwanza ulitia, na wa pili. Silvesta alitazama vidole vikigeuka rangi. Kilipomfikia, alikipitisha bila kukigusa. Ladislaus akamkumbusha kwa heshima kwamba yeye, kama mtoaji, hakuwa katika orodha ya wanufaika, kwa hiyo kukataa kwake kulikuwa kwa kumbukumbu tu. Kidau kikaendelea mpaka kwa Bimdogo, ambaye alikishika kwa mikono miwili, akakinusa.

"Mimi nitatia," alisema. "Magoti yangu yamechoka, nitanunua hata mvua. Lakini nauliza. Huyu je?"

Alimwelekezea kidole mkwewe Shakila wa nyumba ya tatu, ambako mwanawe alioa akahamia, aliyekuwa amekaa mkekani karibu naye.

"Shakila ametia," alisema Optatus.

"Sisemi Shakila. Nasema aliyemo."

Shakila alivuta kanga juu ya tumbo, ambalo kwa wakati ule halikuwa siri tena. Baraza zima likageuka kulitazama, kisha likageuka kumtazama wakili. Ilikuwa hati ambayo kila mmoja alisomewa siku ya kwanza. Watoto watakaozaliwa walikuwa ndani yake, na wote tuliwapokea wakati ule kama tunavyopokea salamu mwishoni mwa barua.

Wakili Basil alivua miwani. "Bibi anasema kweli. Wanufaika ni pamoja na hao, na hao hawajatia."

"Akizaliwa atatia," alisema Ladislaus.

"Akizaliwa atakuwa mtoto. Dole la mtoto si kitu mpaka afikie umri. Na akifikia umri, patakuwa pamezaliwa wengine."

"Mtaa huu haujawahi kulala," alisema mtu kwa nyuma, na wanawake wakacheka mpaka Shakila akaficha uso.

"Mwulize basi huyo," Bimdogo alimwambia Ladislaus. "Sogea, usiogope. Mwambie wewe ni mwekezaji."

"Bibi, haya ni mambo ya maendeleo."

"Na hili si maendeleo? Mwezi uliopita halikuwa hivi."

Ladislaus, ambaye hakuwa mjinga, aliuliza kama mahakama haiwezi kuwasemea wasiozaliwa. Wakili alikubali kwamba inaweza. Iko Mtwara, alisema. Lakini hakimu atauliza kwanza wenye hati wamefanya juhudi gani. "Kinachokosekana hapa ni paa, si madhumuni. Watu bado wana kiu, tangi bado ni zima. Hakimu atauliza: mlitafuta paa? Nitamjibu nini?"

Nadhani hakuna mtu aliyekuwa amelifikiria tangi kwa namna hiyo. Tulikuwa tumeshughulika na hati.

"Paa linaweza kutolewa?" aliuliza Silvesta. "Na mtu mwingine? Likaingia humo humo?"

"Mali huweza kuongezwa. Mtu yeyote akitoa, wadhamini wakipokea, inakuwa ya udhamini kwa masharti yaleyale. Lakini atoe kwa kinywa mbele ya mashahidi, na iandikwe. Msirudie ya kwanza."

Ladislaus alikusanya kidau chake. Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia, na mizani haiwezi kungoja mahakama, sembuse mimba. Aliaga kwa heshima, akisema milango yake i wazi. Mtu mmoja alisema taratibu kwamba bila shaka ni wazi, imeezuliwa.

Yaliyofuata yangefaa kusimuliwa kama habari ya umoja na upendo, lakini nilikuwapo. Baada ya mauzo ya msimu ule watu walileta mabati, moja moja, kwa kuchungulia jirani ameleta lipi. Mmoja alileta lililopinda. Mwingine alileta zuri, akalipaka jina lake kwa rangi ya mafuta, na Optatus alipomwambia kwamba jina litafutwa, alilirudisha nyumbani, akalileta tena baada ya kutengwa na mkewe kwa muda. Kila mtoaji alisimama mbele ya wadhamini na kutamka. Bimdogo alikuwa wa mwisho.

"Nikitoa, nikahamia Tandahimba?"

"Limetolewa, bibi," alisema Optatus.

"Nikiolewa?"

"Limetolewa. Na hongera."

"Nikigombana na Silvesta?"

"Unagombana naye kila siku."

"Basi nitoe mwakani, nikiwa nimekasirika vizuri." Kisha akalivuta bati kutoka nyuma ya mlango wake, jipya, bado lina vumbi la dukani. "Natoa. Andika kabla sijajuta."

Silvesta alijenga nguzo nne za mawe kuzunguka tangi, akaweka paa juu yake. Lilikuwa paa bila nyumba, na wapita njia waliuliza lini kuta zitaanza. Aliwajibu kwamba kuta huleta warithi. Bati moja lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani. Veridiana ndiye aliyelituma kutoka Tandahimba kwa basi, bila barua, na dereva alisema tu kwamba limetoka kwa mama yake Ladislaus na asiambiwe mtu. Silvesta alilitambua. Aliziba matundu kwa lami, akaliweka upande wa mfereji, nalo lilivuja kila mwaka, naye kila mwaka alipanda akaliziba, akikataa kulibadilisha.

Ukoo wa Severina haukumwambia arudi Masasi. Nadhani waliona aibu, au walisahau. Aliendelea kuishi katika chumba chake cha nyasi, mtu pekee mtaani asiyekuwa na haki ya maji kwa mujibu wa hati, mpaka Optatus alipopendekeza katika kikao, kwa maneno mengi, kwamba mwanzilishi apewe kazi ya kushika ufunguo na posho ya debe moja. Silvesta alikubali baada ya kuuliza kama jambo hilo limo ndani ya uwezo wa wadhamini. Lilikuwamo.

Alipofariki, maji yalikuwa mengi. Wapwa zake walikuja kutoka Masasi, watu wazuri, wakalia inavyopasa. Matanga yalipovunjwa, waliomba kuonyeshwa mali ya mjomba. Waliletewa mwiko, timazi, sururu na redio. Wakatazama juu. Mmoja alizunguka nyuma ya chumba akarudi na ngazi.

Bimdogo alikuwa kwenye kigoda mlangoni kwake, karibu na mjukuu wake, binti wa Shakila, aliyekuwa akichota.

"Ngazi ya nini, baba zangu?"

"Bibi, shikamoo. Tumeambiwa paa hili alijenga mjomba."

"Marahaba. Alijenga. Kaeni kwanza mnywe maji, mmetoka mbali. Kisha mwulizeni huyu mtoto kama anakubali, maana ni lake. Halafu tutawangoja wale wasiozaliwa, nao watoe jibu."

Walikunywa. Walisema maji ni matamu. Walimsikiliza Optatus, ambaye aliitwa, akaja na muhuri, akawaeleza kila kitu kuanzia Kabidhi Wasii Mkuu. Alipomaliza jua lilikuwa limegeuka, na yule mwenye ngazi alikuwa ameilaza chini kando ya ukuta, upande wa nyuma, ili isionekane sana.

Walibeba mwiko, timazi, sururu na redio. Ngazi waliiacha njiani kwa mwenyewe, kwa sababu walikuwa wameiazima kwa Ladislaus.